Ruhusa Kazini: Maneno kwa Wafanyakazi wa Maduka ya Garissa

Mtu aweza kupoteza kazi nzuri ya dukani bila ya kuiba hata senti moja, na bila ya kumtukana mnunuzi yeyote. Hutosha kwamba siku moja hakufika, wala hakupeleka habari. Mwenye duka akaja akakuta mlango umefungwa, lori la sukari na mchele linangoja kushushwa mizigo, na ufunguo wa stoo haujulikani uliko. Kesho yake mfanyakazi anarudi na sababu ya kweli kabisa, lakini sababu hiyo imechelewa kufika. Kwa hiyo yafaa sisi sote tujue namna ya kuomba ruhusa, namna ya kutoa habari, na haki ambazo sheria ya Kenya imempa kila mtu aliyeajiriwa.

Hapo zamani kukosa kufika kazini lilikuwa jambo la kutisha zaidi. Chini ya sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1910, Mwafrika aliyeacha kazi bila ruhusa aliweza kushitakiwa, akatozwa faini au akafungwa gerezani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wanaume katika sehemu nyingi za Kenya walilazimishwa kuchukua kipande, na kwa kipande hicho mtu aliyetoroka kazi aliweza kutafutwa. Siku hizo zimekwisha. Leo jambo hili ni mapatano baina ya mwajiri na mfanyakazi, na kanuni zake zimo katika Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Lakini mapatano yana pande mbili, na upande wa mfanyakazi ni kusema mapema.

LIKIZO YA MWAKA

Mtu aliyemaliza miezi 12 ya kazi mfululizo ana haki ya likizo isiyopungua siku 21 za kazi, na mshahara wake kamili. Likizo hii, ambayo wengi huiita livu, si zawadi ya mwenye duka. Mfanyakazi ameitolea jasho. Akiacha au akiachishwa kazi kabla ya mwaka kutimia, nayo miezi miwili mfululizo imekwisha kupita, anastahili siku moja na robo tatu kwa kila mwezi aliofanya kazi. Mbali na likizo hiyo, kila mfanyakazi ana haki ya kupumzika angalau siku moja katika kila siku saba. Hiyo ndiyo inayoitwa ofu madukani, na haihesabiwi katika zile siku 21.

Likizo yaweza kugawanywa ikiwa mfanyakazi amekubali, lakini sehemu yake moja lazima iwe majuma mawili yasiyokatizwa. Lini itachukuliwa, hilo ni jambo la kupatana. Hapa ndipo busara inapotakiwa. Mtu auzaye nguo hafai kuomba majuma mawili katika kumi la mwisho la Ramadhani, wakati watu wote wanapowanunulia watoto wao nguo za Idd na maduka kukaa wazi hadi usiku. Vivyo hivyo auzaye madaftari na sare asichague juma la kufunguliwa kwa shule. Omba wakati wa biashara kupoa, nawe utakubaliwa upesi.

Tena, hesabu safari yako kwa ukweli. Mtu wa Garissa mjini ambaye wazee wake wako Hulugho, au Modogashe, au mbali zaidi upande wa Wajir na Mandera, asiombe siku tatu hali akijua kwamba mvua ikinyesha basi laweza kukwama njiani. Huko malishoni, mahali pengi simu haishiki. Ni heri kuomba siku mbili zaidi tangu mwanzo kuliko kukwama huko bila njia ya kupeleka habari.

Maombi yawe kwa maandishi, hata kama mwenye duka ni mjomba wako. Maduka mengi yetu huajiri jamaa kwa neno la mdomo, na neno la mdomo husahauliwa. Barua yaweza kuwa fupi namna hii:

“Kwa Mwenye Duka. Bwana, naomba sehemu ya likizo yangu ya mwaka, siku 12 za kazi, kuanzia Jumamosi tarehe 4 hadi Alhamisi tarehe 16, siku za Ijumaa zikiwa ndizo siku zangu za mapumziko. Nitarudi kazini Jumamosi tarehe 18. Mwenzangu wa kaunta amekubali kushika zamu yangu, na nitampa funguo na daftari la madeni kabla ya kuondoka. Wako mtiifu.”

Andika nakala mbili, na moja itiwe sahihi ya mwenye duka, ukaiweke nyumbani. Usinunue tiketi ya basi kabla ya sahihi hiyo kupatikana.

UGONJWA

Ugonjwa hauombi ruhusa. Lakini sheria yasema kwamba mfanyakazi anayetaka kulipwa siku zake za ugonjwa yampasa kumjulisha mwajiri, au kumtuma mtu amjulishe, mapema kadiri iwezekanavyo, pamoja na kumweleza sababu. Baada ya miezi miwili ya kazi mfululizo, mfanyakazi anastahili siku zisizopungua saba za ugonjwa kwa mshahara kamili, na nyingine saba kwa nusu ya mshahara, katika kila miezi 12. Sharti lake ni cheti kilichotiwa sahihi na daktari aliyehitimu, au na mtu anayesimamia zahanati kwa niaba yake. Kwa hiyo usitoke zahanati na dawa tu mkononi. Omba cheti papo hapo.

Habari za asubuhi ziwe fupi na wazi. Ziseme nani, nini, hadi lini, na vitu vya duka viko wapi. Mathalani:

“Assalamu alaikum, Hajji. Nimeshikwa na homa kali tangu usiku, na sasa nakwenda zahanati. Leo sitaweza kufungua duka. Ufunguo wa stoo nimempa ndugu yangu, atakuletea kabla ya saa mbili. Nikishaonana na daktari nitakupigia simu.”

Ujumbe kama huu utumwe kwa mwenye duka mwenyewe au kwa msimamizi wake. Kumwambia mwenzako wa kaunta peke yake hakutoshi, kwa maana naye aweza kusahau, ama akaogopa kusema. Ikiwa simu yako haina salio, azima ya jirani. Usiufute ujumbe huo. Ni ushahidi wako.

UZAZI

Mwanamke anayejifungua ana haki ya miezi mitatu ya likizo kwa mshahara kamili, na likizo yake ya mwaka haipotei kwa ajili hiyo. Yampasa kutoa taarifa kwa maandishi siku zisizopungua saba kabla, au muda mfupi zaidi ikiwa hali imemlazimu. Mume aliyeajiriwa naye anastahili majuma mawili ya kukaa na mkewe, kwa mshahara kamili. Baba wengi hawaijui haki hii, au huona haya kuiomba.

MSIBA

Hapa pana jambo ambalo lafaa kuelezwa vizuri, kwa sababu wengi hulikosea. Sheria ya Ajira haikuweka siku maalumu za msiba. Mtu akifiwa na baba au mama, siku atakazopewa hutegemea mkataba wake, au desturi ya duka, au wema wa mwenye duka. Pengine hukatwa katika likizo yake ya mwaka. Nasi twajua kwamba Mwislamu akifariki huzikwa upesi, mara nyingi siku ile ile. Hakuna nafasi ya kuandika barua na kungoja jibu. Mjane naye hukaa eda miezi minne na siku kumi, na juu ya hayo sheria imenyamaza.

Basi shauri jema ni kuuliza kabla ya msiba kuja. Siku ya kuajiriwa, uliza kwa adabu: “Mtu akifiwa, desturi ya duka hili ni siku ngapi?” Jibu liandikwe katika mkataba, ambao sheria yataka uwe wa maandishi kwa kazi ya miezi mitatu au zaidi. Msiba ukifika, peleka habari kwa simu kabla ya kuondoka, utaje uliyefiwa naye, unakokwenda, na siku unayotumaini kurudi.

MTO UNAPOJAA

Garissa ina sababu nyingine ya watu kukosa kazi, nayo ni Mto Tana. Wafanyakazi wengi hulala Madogo, ng'ambo ya daraja, ambako kodi na jamaa zao ziko. Mwezi wa Novemba 2023 mafuriko yalikata barabara baina ya Madogo na Garissa, watu wakavushwa kwa mashua. Mvua za mwaka 2024 zilileta maji tena, na mwishoni mwa Aprili mashua ilipinduka karibu na Madogo, watu wakafa maji.

Twasema wazi: hakuna kaunta wala mshahara wa siku moja unaostahili roho ya mtu. Sheria humlaumu anayekosa kazini bila ruhusa au bila sababu ya halali, na barabara iliyofunikwa na maji ni sababu ambayo kila mtu mjini huiona kwa macho yake. Lakini mwenye duka hana njia ya kujua kama wewe uko upande ule wa maji, au umelala tu. Mpigie simu alfajiri. Maji yakikaa siku nyingi, mpelekee habari kila asubuhi, kisha mpatane kama siku hizo zitahesabiwa likizo au zitakuwa bila malipo. Afadhali kupatana siku ya kwanza kuliko kubishana mwisho wa mwezi.

MAMLAKA YA MWENYE DUKA NA MPAKA WAKE

Mfanyakazi asiyekuja bila ruhusa wala sababu ya halali aweza kufukuzwa mara moja, kwa kuwa sheria huliita hilo kosa kubwa. Hata hivyo mwajiri hawezi kumfukuza mtu kwa hasira ya asubuhi. Yambidi kwanza amweleze kosa lake kwa lugha anayoifahamu, iwe Kisomali, Kiswahili au nyingine, na kumsikiliza akijitetea, hali mwenzake wa kazini aliyemchagua yupo. Kwa habari ya mshahara, aweza kukata kiasi kisichozidi ujira wa siku moja kwa kila siku nzima ya kazi iliyokosekana. Kukata siku mbili kwa kosa la siku moja si halali. Wala si haki kumfukuza mtu kwa sababu ameomba, au amechukua, likizo ambayo sheria imempa.

Anayeona amedhulumiwa aende kwa Afisa wa Kazi ndani ya miezi mitatu tangu siku ya kufukuzwa. Achukue nakala ya barua yake, cheti cha zahanati, na simu yenye ujumbe aliotuma. Mwenye vitu hivi vitatu huwa na la kuonyesha. Asiye navyo hubaki na kiapo peke yake.

Nanyi wenye maduka, mna sehemu yenu katika jambo hili. Mfanyakazi anayejua kwamba atatukanwa kila anapoomba ruhusa hujifunza kunyamaza, na ukimya wake ndio utakaokufungia duka asubuhi ya lori. Mpeni namba ya simu ya kupiga, mwandikeni daftari la likizo, na mjibuni maombi kwa wakati wake. Waswahili husema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Lakini katika kazi ya dukani, ulimi uliofungwa nao humwangusha mtu.

Aliyesoma maneno haya amsomee mwenzake asiyejua kusoma.