Wachezaji wa Beta Wanajua Panapouma

Agosti 1997, wiki chache kabla gemu ya Ultima Online haijaingia sokoni, kampuni ya Origin ya Texas iliwaita wachezaji wake wa majaribio waingie wote kwa pamoja ili ionekane kama seva zitahimili. Richard Garriott, muundaji wa gemu hiyo, alikuwamo kwa sura ya mfalme Lord British, akitembelea raia. Mfalme huyo aliwekewa kinga: hauawi. Seva zikaanguka, zikawashwa upya, Garriott akarudi ndani na kusahau kuiwasha kinga yake. Mchezaji mmoja aliyejiita Rainz, ambaye shughuli yake humo ilikuwa udokozi, alikuwa na hati ya uchawi wa moto aliyomwibia mtu. Akairusha pale mfalme aliposimama. Mfalme akateketea mbele ya raia zake. Rainz naye akafungiwa akaunti, kampuni ikisema ana mazoea ya kutumia kasoro za gemu kwa faida yake badala ya kuziripoti.

Kisa hicho wapenzi wa gemu wamekisimulia hadi kimechosha. Mimi hunivutia zaidi jambo jingine la gemu hiyohiyo. Origin walitumia muda mrefu kutengeneza mbuga yenye uhai wake: mbwa mwitu wale kulungu, kulungu wakipungua mbwa mwitu wasogelee miji, na mchezaji akutane na matokeo hayo bila kuambiwa na mtu. Wachezaji walipofunguliwa mlango wakaua kila chenye miguu, tena kwa kasi ambayo kompyuta haikuweza kuzalisha wanyama wengine. Hakuna aliyelalamikia mfumo huo wala kuusifu, maana hakuna aliyeuona ukifanya kazi. Ukaondolewa.

Nimeyaleta haya mawili kwa sababu kila beta mpya, yaani toleo la majaribio, inapofunguliwa, maneno huwa ni yaleyale: gemu kali, gemu bovu, rekebisheni bunduki ile, ongezeni ramani. Mpenzi wa gemu anayasoma akitaka kujua kama aweke pesa yake au aiache. Hoja yangu ni kwamba maoni ya mjaribu ni ushahidi mzuri wa wapi panauma, lakini ni ushahidi dhaifu wa dawa gani itumike. Ni kama mgonjwa anayeingia zahanati akidai achomwe sindano. Maumivu ni ya kweli, ila sindano hiyo inaweza isihusike kabisa.

Tazama kilichotokea kwa World of Warcraft, iliyotoka Novemba 2004. Wakati wa majaribio, Blizzard walitaka kuwapunguzia watu tabia ya kukesha. Wakaweka sheria: mhusika wako akiwa amepumzika, anapata pointi kamili za uzoefu kwa kila mnyama anayemuua, akicheza mfululizo anachoka, na pointi zinashuka hadi nusu. Nikupe tarakimu za mfano, si zao. Tuseme nguruwe pori mmoja ana pointi 100, na kupanda ngazi kunataka 1,000. Aliyepumzika ataua nguruwe 10, aliyechoka, 20. Wajaribu wakaja juu. Tunaadhibiwa kwa kosa gani, la kuipenda gemu? Walitaka sheria ifutwe.

Haikufutwa. Blizzard walizidisha mahitaji ya kila ngazi mara mbili, wakaigeuza sheria kichwa chini. Kwa mfano wetu, ngazi sasa inataka 2,000. Nguruwe ana pointi 100 za kawaida, na aliyepumzika anapewa 200. Piga hesabu mwenyewe: aliyepumzika bado anaua 10, asiyepumzika bado anaua 20. Hakuna nguruwe hata mmoja aliyeongezeka wala kupungua, ila ile iliyokuwa adhabu sasa ni zawadi. Malalamiko yakaisha, na mfumo huo upo hadi leo. Wajaribu walikuwa sahihi kabisa kwamba kuna kitu kinawakera. Dawa waliyoiomba ndiyo haikuhitajika.

Sasa weka kando yake Final Fantasy XIV ya Square Enix. Katika beta ya mwaka 2010 ilibainika kwamba nayo ina sheria ya uchovu, kali kuliko ile ya Blizzard: kila wiki, baada ya saa takriban 8 za kutumia fani moja, pointi zilianza kupungua kidogo kidogo hadi kufikia sifuri. Juu ya hapo wajaribu walilalamikia menyu nzito, ambazo kila ukibonyeza kitu unasubiri seva ijibu, na dunia kubwa isiyo na la kufanya. Onyo lilikuwa mezani. Gemu ikatoka hivyohivyo Septemba mwaka huo. Kufika Desemba, rais wa kampuni, Yoichi Wada, aliwaomba wachezaji radhi hadharani, malipo ya mwezi yakasitishwa, na Naoki Yoshida akakabidhiwa usukani. Yoshida aliijenga upya gemu nzima huku ile mbovu ikiendelea kuchezwa. Ya zamani ilizimwa Novemba 2012, mpya ikafunguliwa Agosti 2013, na ndiyo inayochezwa hadi sasa. Karibu miaka mitatu ya kazi, kwa mambo ambayo wajaribu waliyasema bure.

Kuna maoni mengine ambayo hayaandikwi kabisa. Seva inakumbuka kila kitu: uliingia saa ngapi, ulifia wapi, ulitoka baada ya dakika ngapi na hukurudi. Mtu anaweza kusema anaipenda gemu yenye vita vya kila mtu dhidi ya kila mtu, kumbe kwa vitendo anaikimbia. Amazon walilishuhudia hili walipoijaribu New World mwaka 2018. Gemu ilikuwa imesukwa hivyo, mchezaji yeyote aweze kumshambulia yeyote. Walitegemea vita vya heshima kati ya makundi. Walichokipata ni wababe wa ngazi za juu kuwavizia wageni, kuwaua, kuwasubiri wafufuke na kuwaua tena. Mgeni aliyeuawa mara tano kabla hajajifunza kukata kuni haandiki waraka wa malalamiko. Anafuta gemu, basi. Amazon wakageuza mwelekeo, vita kati ya wachezaji vikawa vya hiari, na siku chache baada ya gemu kutoka Septemba 2021, watu zaidi ya 900,000 walikuwa ndani kwa wakati mmoja kwenye duka la Steam.

Beta ya New World ya Julai 2021 ilifichua pia kitu ambacho hakuna aliyekuwa akikitafuta. Baadhi ya kadi za grafiki za RTX 3090, miongoni mwa ghali kuliko zote sokoni wakati huo, zilikufa watu wakiwa wanaicheza. EVGA, waliozitengeneza nyingi kati ya hizo, walizibadilisha, na baadaye wakaeleza kwamba kasoro ilikuwa kwenye uchomeleaji. Amazon nao wakaweka kikomo cha idadi ya picha kwa sekunde kwenye menyu, maana hapo kadi ilikuwa ikiachiwa kwenda mbio bila breki.

Halafu kuna ukimya. Concord ya Sony ilifungua beta Julai 2024. Waliocheza wengi hawakuitukana. Walisema bunduki zinapiga vizuri, picha safi. Lakini kwenye Steam, hata beta ilipokuwa wazi na bure, idadi ya waliokuwa ndani kwa pamoja haikuvuka sana 2,000. Mwezi huohuo Marvel Rivals, gemu ya aina ileile, iliwavuta makumi ya maelfu kwenye majaribio ya mwaliko tu. Concord ikauzwa dola 40 ilhali washindani wake ni bure. Ilitoka Agosti 23, ikaondolewa Septemba 6, wanunuzi wote wakarudishiwa pesa, na kabla Oktoba haijaisha studio iliyoitengeneza ikatangaziwa kufungwa. Kwa hiyo ukisoma maoni mazuri ya beta, uliza na wangapi waliofika kuyatoa.

Hapo tunagusa jambo ambalo kampuni hazipendi kulisema wazi: beta nyingi za leo ni matangazo ya biashara. Beta ikifunguliwa mwezi mmoja kabla ya gemu kutoka, kinachoweza kubadilika ni kidogo. Nguvu ya bunduki hubadilishwa kwa siku moja, ni namba tu kwenye jedwali. Seva zinaweza kuongezwa. Ramani mpya ni kazi ya miezi, na moyo wa gemu, kile unachokifanya dakika hadi dakika, haugusiki tena. Kabla ya tarehe ya mauzo diski zinatakiwa ziwe zimechapwa, na toleo liwe limepita ukaguzi wa Sony na Microsoft. Gemu ya Anthem ilifanya onyesho lake la VIP Januari 2019, watu wakakwama kwenye skrini ya kupakia isiyofika mwisho. Wakaambiwa hilo ni toleo la zamani, gemu yenyewe imesharekebishwa. Februari gemu ikatoka, na malalamiko makubwa yakawa yaleyale: kupakia kusikoisha na maudhui haba. Ukisikia utetezi wa toleo la zamani ndani ya wiki sita za mwisho, shika pochi yako.

Hata mjaribu mwenyewe inafaa umchunguze. Aliyeomba mwaliko wa beta tayari ni shabiki. Aliyeingia kwa sababu amelipia gemu mapema ana pesa yake ndani, na mtu hatetei kitu kwa bidii kama anavyoitetea pesa aliyokwisha kuitoa. Wote wawili wamecheza siku tatu, nne, wakati ugeni bado mtamu. Hawajui gemu itakuwaje mwezi wa pili.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna pengo kubwa zaidi. Gemu nyingi za ushindani hazina seva huku kwetu, mchezaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala anapelekwa Ulaya, Ghuba au Afrika Kusini. Mwanga ndani ya nyuzi za mkongo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kama njia ya mkongo hadi kwenye seva ni kilomita 10,000, kwenda na kurudi ni milisekunde 100 hata kabla hujahesabu ucheleweshaji wa mitambo iliyo katikati na mnara wa simu mtaani kwako. Mjaribu aliyeko Frankfurt, jirani na seva, ana 10 au 20. Akikwambia gemu inateleza, anasema kweli ya Frankfurt.

Tofauti hiyo unaiona kwenye kifo kimoja kinachoudhi kuliko vyote: umeshajificha nyuma ya ukuta, na bado unaanguka. Si lazima adui awe anaiba. Seva nyingi za gemu za bunduki hurudisha saa nyuma kidogo, zikaamini alichokiona mpigaji kwenye skrini yake wakati anafyatua. Kwake ulikuwa bado hujaufikia ukuta. Muda huo ukiwa mfupi hutambui chochote. Ukirefuka, kila ukuta unakuwa karatasi. Na mikongo nayo ina siku zake: Mei 12, 2024 EASSy na Seacom zilikatika kwa pamoja, intaneti ikalegea Tanzania, Kenya na majirani. Beta ya wikendi kama ile ingewaonyesha watengenezaji picha mbaya, na ingekuwa picha ya kweli ya tunavyoishi.

Tatizo ni kwamba mara nyingi hatumo kabisa kwenye picha. Majaribio ya gemu za simu hufunguliwa nchi chache zilizochaguliwa. Kwa iPhone, TestFlight inaruhusu wajaribu wa nje 10,000 tu kwa programu moja, na kila toleo hufa baada ya siku 90. Wengi wetu huzunguka kwa VPN, jambo linaloongeza ucheleweshaji na kumfanya mtengenezaji aamini wewe uko Singapore. Wengine hupakua faili kutoka kwa asiyejulikana, na hilo ni hatari. Mwaliko wa beta wa uongo ni mtego uliozoeleka wa kuiba akaunti. Gemu ikidai ina beta, itafute kwenye duka rasmi la simu au ukurasa wa kampuni yenyewe. Isipokuwepo, haipo.

Zikifunguliwa huku kwetu, ingieni, na mkiandika msiandike "inakwama" mkaishia hapo. Andikeni simu gani, kumbukumbu yake kiasi gani, mtandao upi, saa ngapi, gemu ilikula MB ngapi za bando kwa mechi moja, na mlikuwa mnafanya nini ilipoganda. Semeni mlichokihisi bila kukipamba. Dawa waachieni wao. Na kama mnataka kujua gemu ya kulipia inafaa au haifai, subirini wiki mbili baada ya kutoka, kisha muulizeni mtu mwenye simu kama yenu na laini kama yenu.