Marudio Haya ni ya Nani?

Ukitaka kuwagombanisha mchimbaji mdogo na mwanamazingira wilayani Biharamulo, huna haja ya kutaja zebaki. Taja marudio. Mchanga ule wa kijivu unaorundikwa kando ya mwalo, pale mawe yaliyosagwa yanapooshwa, baada ya dhahabu kutolewa, mwingine umekaa miaka mpaka umeota majani, ndio unaowatoa watu povu mkutanoni. Mwanamazingira akiutazama anaona sumu iliyoachwa wazi, inayongoja masika iteremke bondeni. Mchimbaji anaona mali, na anaona pia kesi ya mtu mwingine: hayo marudio, atakwambia, tuliyakuta hapa, walioyaacha wameshahama zamani, na wewe unakuja na kidaftari kuniuliza mimi.

Hoja hiyo si ya kupuuza. Lakini ili tujue kama inasimama, inabidi turudi mwaloni.

Jiwe likitoka kwenye duara, yaani shimo la mchimbaji, huenda karashani, likasagwa hadi kuwa unga. Unga hushushwa na maji juu ya ubao wa mteremko uliotandikwa magunia au mablanketi. Dhahabu ni nzito, hukwama kwenye nyuzi, mchanga mwepesi hupita na kutuama chini. Kisha magunia hukung'utwa ndani ya beseni, zebaki kidogo hutiwa, na mtu huingiza mikono mitupu akaanza kusugua, taratibu, mpaka chembe za dhahabu zote zimeshikana na zebaki. Mchanganyiko hukamuliwa kwenye kitambaa. Zebaki ya ziada hurudi chupani, na kitambaani kinabaki kidonge cheupe, laini, kizito kuliko kinavyoonekana. Kidonge kikipigwa moto, zebaki huanza kuchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi, joto ambalo hata jiko la mkaa hulifikia bila shida. Inapaa. Kinachobaki ni dhahabu.

Mwaka 2000 mwanajiolojia Peter van Straaten alichapisha utafiti wake kuhusu machimbo madogo ya Tanzania na Zimbabwe, ukiwemo ukanda wetu huu wa dhahabu wa Ziwa Victoria. Alikadiria kwamba kwa kila gramu moja ya dhahabu, gramu 1.2 hadi 1.5 za zebaki hupotea. Kati ya hizo asilimia 70 hadi 80 hupaa hewani, na asilimia 20 hadi 30 hubaki kwenye marudio, udongo, mchanga wa vijito na maji. Kwa hiyo ugomvi wa marudio, kwa vipimo, ni ugomvi wa sehemu ndogo ya zebaki. Sehemu kubwa imeshapita puani mwa aliyechoma kidonge, na mara nyingi puani mwa watoto wake, kwa sababu wengi huchomea nyumbani wakiogopa wezi. Hilo halina mjadala wa historia: ni la leo asubuhi.

Jambo la pili alilolikuta van Straaten huwafurahisha wachimbaji wanapolisikia. Zebaki iliyomo kwenye marudio haikuwa imesafiri mbali. Nyingi ilikuwa bado metali ile ile ya maji, na kwa kuwa ni nzito mara 13 na nusu kuliko maji, hupenda kuzama na kutulia. Isitoshe, moramu yetu nyekundu, yenye chuma tele, pamoja na vinamasi, huinasa. 

Tena, mwaka 1999, daktari Masazumi Harada, yule Mjapani aliyetumia maisha yake kuwahudumia wagonjwa wa sumu ya zebaki wa mji wa Minamata, yeye na wenzake walichapisha vipimo vya nywele za wachimbaji, wavuvi na wakazi wa Mwanza. Baadhi ya wachimbaji walishukiwa kuwa na dalili za sumu ya zebaki. Lakini wavuvi wengi, watu wanaokula samaki wa ziwa siku zote, walikuwa na kiwango cha chini. Wachache kati yao waliokutwa na viwango vya kutisha ilidhaniwa hawakuwa wamepata zebaki kwa samaki wala kwa mgodi, bali kwa sabuni ya kung'arisha ngozi iliyotiwa zebaki. Mgodi ulikuwa bafuni.

Basi wanamazingira wanatutisha bure? Hapana, na hapa ndipo mchimbaji anaposhangilia mapema. Kinamasi kile kile kinachoinasa zebaki ndimo wanamoishi vijidudu wasiohitaji hewa, na baadhi yao huigeuza zebaki kuwa methili-zebaki. Hiyo haitulii. Huingia kwenye mwili wa mdudu, mdudu huliwa na samaki mdogo, mdogo huliwa na mkubwa, na kila hatua kiwango kinapanda, mpaka kwenye sahani ya mama mjamzito, na huko huvuka kondo la nyuma hadi ubongo wa mtoto. Ndiyo iliyoipa Minamata jina mwaka 1956, ingawa kule ilimwagwa na kiwanda. Kwa hiyo swali la maana kuhusu rundo la marudio si zebaki iliyomo ni kiasi gani tu. Ni kitu gani kitakachoifanya iondoke.

Na kitu hicho siku hizi kinajulikana: sayanaidi.

Ubao na zebaki huacha dhahabu nyingi nyuma, mara nyingi zaidi ya nusu. Ndiyo maana marudio yana bei, na ndiyo maana kanda nzima ya ziwa imejaa matangi ya kuchenjulia. Marudio humwagwa tangini, maji yenye sayanaidi hupitishwa juu yake kwa siku kadhaa, na dhahabu iliyokuwa imejificha huyeyuka. Lakini sayanaidi haibagui. Huiyeyusha na zebaki pia, ikaunda mchanganyiko unaokwenda na maji. Ile zebaki nzito, mvivu, iliyokaa kwenye moramu miaka 20 bila kumsumbua mtu, sasa imepewa miguu. Sayanaidi yenyewe jua huivunja ikiachwa bwawani. Zebaki haivunjwi na jua wala na kitu kingine. Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika 2017 na ambao Tanzania iliuridhia 2020, umeitaja desturi hii miongoni mwa nne mbaya zinazotakiwa kukomeshwa: kuchenjua kwa sayanaidi marudio yenye zebaki bila kuitoa zebaki kwanza.

Sasa rudi kwenye lile swali la nani alichafua. Katika machimbo mengi ya kanda hii, mchimbaji anayepeleka mawe karashani huondoka na dhahabu ya kwenye kidonge, lakini marudio humwachia mwenye mwalo, kama sehemu ya malipo. Mwenye mwalo huyalimbikiza na kuyauza kwa mwenye tangi. Maana yake, anayetukanwa kwenye semina, yule kijana wa beseni, hayamiliki yale marudio. Faida ya mara ya pili haimfikii. Semina za mazingira nyingi zinamlenga yeye kwa sababu ndiye anayeonekana, mikono imelowa. Mwenye tangi ana uzio na mlinzi.

Linganisha na jirani. Mgodi wa Tulawaka, wilaya hiyo hiyo ya Biharamulo, ulifunguliwa na kampuni ya Barrick mwaka 2005. Mwaka 2013 ulipouzwa kwa shirika la madini la serikali, STAMICO, ukaja kuitwa Stamigold, mkataba ulihamisha pia mfuko wa ukarabati wa mazingira na wajibu wote wa kufunga mgodi, wa uchafu wa zamani na wa baadaye. Tunaweza kubishana kama fedha zilitosha. Ila karatasi ipo, na kuna ofisi ya kuipelekea malalamiko. Rundo la marudio kando ya mwalo linauzwa kwa lori, fedha mkononi, na wajibu unabaki pale pale chini, hauna mnunuzi. Nadhani huo ndio moyo wa ugomvi, kuliko kemia yenyewe.

Ngara, wilaya jirani, nako kuna somo lake linalokuja. Nikeli ya Kabanga, inayotafitiwa tangu miaka ya 1970 na sasa iko chini ya Tembo Nickel, imo kwenye miamba ya salfaidi. Miamba hiyo ikifunuliwa ikakutana na hewa na maji hutoa tindikali. Ni uchafuzi wa aina nyingine kabisa, na mto Ruvubu wa huko hukutana na mto Kagera pale Rusumo, maji yote yakaelekea Ziwa Victoria. Huko angalau vipimo vya maji vinaweza kuchukuliwa kabla ya jiwe la kwanza kutolewa, ili baadaye asipatikane wa kusema tuliyakuta hivi.

Kwa Biharamulo wakati wa kupima kabla umeshapita, lakini tangi bado ni kizingiti. Matangi yanahesabika, yanaombewa vibali, na sayanaidi haiuzwi kama chumvi: muuzaji wake hutakiwa kusajiliwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Baraza la mazingira, NEMC, na Tume ya Madini wangeweza kudai kila lori la marudio lipimwe zebaki kabla halijamwagwa, na lenye zebaki lirudishwe kwanza kwenye ubao au kwenye mashine ya kuzungusha ili metali ile nzito itoke. Gharama ailipe mwenye tangi, ambaye dhahabu ya marudio inamwendea yeye. Yule kijana wa beseni apewe ritoti, kile chungu cha chuma chenye bomba kinachoinasa zebaki inapopaa na kuirudisha kwenye chupa yake. Hilo atalikubali bila mhadhara, maana zebaki anainunua kwa fedha yake.