Ndege Wawindaji wa Kaskazini (Sehemu ya 3): Kozi wa Aktiki na Jabali Lake

Baada ya tai wa pwani za Norwei kuelezwa katika sehemu iliyotangulia, sasa ni zamu ya kozi aliye mkubwa kuliko kozi wote duniani, ambaye makazi yake ni Aktiki, yaani nchi zinazoizunguka Ncha ya Kaskazini, kuanzia Alaska na Kanada hadi Greenland, Iceland na Siberia. Jike, ambaye humzidi dume kwa umbo, huweza kufikia kilo 2, ilhali dume huwa na kilo 1 na ushei; rangi yao huanzia weupe mtupu hadi kijivu na kahawia iliyokoza.

Kozi huyu hajengi tundu. Hutaga mayai 3 au 4 kwenye ukingo wa jabali wenye mwamba uliochomoza juu yake, au katika tundu lililoachwa na kunguru, na kwa kuwa kingo zenye kinga ya theluji na zisizofikiwa na mbweha ni chache, vizazi hurudi palepale. Vinyesi vyao hurundikana, na baridi kavu huvichelewesha kuoza. Wanasayansi waliolichunguza rundo la namna hiyo huko Greenland kwa kupima kaboni-14, ambayo hupungua kwa kasi inayojulikana tangu kiumbe kinapokufa, walibainisha mwaka 2009 kwamba ukingo mmoja ulianza kutumika zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, kiasi kwamba watu wa Skandinavia walipohamia kisiwani humo mwishoni mwa karne ya 10, makozi walikwisha kuwa na zaidi ya miaka 1,000 mahali hapo.

Uimara huo wa makao usimpotoshe msomaji, kwa maana maisha ya ndege huyu mwenye nguvu yanategemea mno windo moja, kwale wa theluji, ambaye manyoya yake hugeuka meupe wakati wa baridi. Kozi humkimbiza akiruka chinichini, akiufuata mgongo wa ardhi na kujificha nyuma ya vilima, mpaka amfikie au amchoshe. Majira ya kuchipua, theluji inapoyeyuka, kwale jike hupata upesi rangi ya udongo, lakini dume hubaki mweupe juu ya mawe meusi akijitangaza kwa majike, na ndiye anayeliwa zaidi. Huko Aktiki ya Kanada imeonekana kwamba msimu wa kujamiiana unapokwisha, dume hujipaka matope ili asionekane. Nchini Iceland idadi ya kwale hupanda na kushuka katika mzunguko wa takriban miaka 10, na idadi ya makozi huifuata kwa kuchelewa kidogo, hivyo kwale wanapoadimika, jozi nyingi za makozi hazitagi kabisa.

Binadamu naye amemtamani ndege huyu tangu kale. Wafalme wa Denmark walipoitawala Iceland walihodhi biashara ya makozi wake na kuwatoa zawadi kwa watawala wenzao, na hata leo wawindaji wa nchi za Ghuba ya Uajemi, wanaowinda kwa makozi waliofunzwa, humthamini sana. Iceland ilimlinda kisheria mwaka 1940. Kwa kuwa ukingo wa kutagia hauhamishiki, mwizi aliyeujua mara moja anajua pa kurudi; ndiyo maana ni afadhali kubwa kwamba makozi wengi wanaorushwa Ghuba siku hizi ni wale waliozalishwa vizimbani, mara nyingi kwa kuchanganywa na aina nyingine za kozi.