Dawa za dukani shuleni: kidonge cha kushusha homa hakitibu malaria

Muhula mpya unapokaribia, wazazi wengi nchini Uganda hupanga katika sanduku la bati la mwanafunzi wa bweni sabuni, madaftari, sukari na, pembeni kabisa, pakiti ya vidonge vya kutuliza maumivu. Nia yao ni njema: mtoto akiumwa kichwa usiku asihangaike. Hata hivyo, vidonge hivyo vinavyonunuliwa bila cheti cha daktari vinaweza kuchelewesha matibabu ya ugonjwa unaoua. Kwa sababu hiyo, suala la nani anampa mwanafunzi dawa, dawa gani na kwa kiasi gani linawahusu wazazi na walimu kwa pamoja.

Dawa kuuzwa bila cheti kuna maana gani?

Nchini Uganda, uuzaji wa dawa husimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Dawa, NDA. Dawa kama parasetamoli huuzwa katika maduka ya dawa yenye leseni bila cheti, ilhali antibiotiki kisheria huhitaji cheti. Dawa ya dukani huhesabiwa kuwa salama pale tu inapotumiwa kwa kiasi, kwa umri na kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti. Masharti hayo yakivunjwa, dawa ile ile huweza kudhuru.

Homa inapofichwa

Parasetamoli hushusha joto la mwili na kupunguza maumivu, lakini haiui vimelea vya malaria. Mwanafunzi aliyemeza vidonge saa kumi na mbili jioni anaweza kuonekana mzima saa mbili usiku, akahudhuria masomo ya jioni, kisha akaamka usiku wa manane akitetemeka. Akiongezewa vidonge vingine, siku nzima hupita bila damu yake kupimwa.

Muda huo ni mrefu. Shirika la Afya Duniani, WHO, linaeleza kwamba malaria inayosababishwa na kimelea cha falciparum, ambacho ndicho kimeenea zaidi Afrika, isipotibiwa ndani ya saa 24 inaweza kuwa kali na kuua. Tangu mwaka 2010, shirika hilo limependekeza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa. Kipimo cha haraka huhitaji tone la damu la kidoleni, na majibu hupatikana kwa takriban dakika 20. Mwenye homa anaweza kupewa parasetamoli ili apate nafuu, mradi apimwe siku hiyo hiyo.

Zipo dalili zisizosubiri hata kipimo cha shuleni: degedege, shingo kukakamaa, kutapika kila anachokula au kunywa, kupumua kwa shida, mkojo mweusi, au usingizi mzito usio wa kawaida. Mwanafunzi wa namna hiyo apelekwe hospitali mara moja, na mzazi apigiwe simu akiwa tayari yuko njiani.

Kiasi hutegemea uzito

Kwa kawaida mtoto hupewa miligramu 10 hadi 15 za parasetamoli kwa kila kilo ya uzito wake, na zisizidi mara nne kwa saa 24. Mtoto wa kilo 20 anahitaji miligramu 200 hadi 300. Kidonge kimoja cha kawaida kina miligramu 500, hivyo nusu yake inamtosha. Mwanafunzi wa kilo 40 ndiye anayestahili kidonge kizima. Kuzidisha kwa siku kadhaa huweza kuharibu ini.

Hatari huongezeka dawa zinapochanganywa. Dawa nyingi za mafua huwa na parasetamoli ndani yake, kwa hiyo anayemeza zote mbili huenda anazidisha bila kujua. Aspirini haishauriwi kwa walio chini ya umri wa miaka 16, isipokuwa kwa agizo la daktari, kwa kuwa inahusishwa na ugonjwa adimu unaodhuru ubongo na ini. Ibuprofeni huweza kuchochea shambulio kwa baadhi ya wenye pumu, na hudhuru tumbo likiwa tupu. Dawa za kikohozi zenye kodeini hazifai kwa watoto wa chini ya miaka 12.

Karatasi, saini na daftari

Utaratibu ulio salama ni rahisi. Mzazi hujaza fomu ya ruhusa inayotaja dawa zinazoweza kutolewa, uzito wa mtoto, maradhi aliyo nayo kama pumu au selimundu, dawa zinazomdhuru, na nambari ya simu inayopatikana usiku. Dawa hukabidhiwa kwa muuguzi zikiwa katika pakiti zake za awali. Pasipo na muuguzi, mtu mmoja aliyefundishwa ateuliwe kwa jina.

Kila kidonge kinachotolewa huandikwa katika daftari: jina la mwanafunzi, dawa, kiasi, saa, sababu na saini ya aliyetoa. Daftari hilo humwezesha muuguzi wa zamu ya usiku kujua kilichotolewa mchana, na likionyesha kwamba mwanafunzi mmoja ameomba dawa ya kichwa mara tatu kwa wiki, ni dalili kwamba anahitaji kuonwa na daktari. Dawa ya pumu ya kuvuta kwa mdomo isifungiwe kabatini. Mwenye pumu aweze kuifikia wakati wowote.

Kwa familia zinazozungumza Kiswahili, zikiwemo zile zilizotoka Kongo, fomu hizi mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza. Mzazi asiyeielewa ana haki ya kuomba asomewe na kufafanuliwa kabla ya kutia saini, na ahakikishe kwamba jina la ugonjwa wa mtoto limeandikwa kwa lugha anayoisoma muuguzi.

Siku ya kumpeleka mtoto bweni, mzazi aulize mambo manne: nani hutoa dawa, huandikwa wapi, homa hupimwa wapi, na usiku kuna usafiri gani wa kwenda hospitali. Pakiti iliyomo sandukuni ikabidhiwe kwa mhusika huyo kabla mzazi hajaondoka.