Waya za meno: panorama haikuonyeshi kila kitu

Wadau, watu wakisikia waya za meno wanafikiria tabasamu tu. Shughuli yenyewe iko chini ya ufizi. Waya inavuta jino zima pamoja na mzizi wake, na mzizi ukielekezwa vibaya unagongana na wa jirani. Kuna pia ile chonge ya juu inayokwama ndani ya taya, ikaanza kula mzizi wa jino la mbele taratibu bila hata kuuma. Ndiyo maana lazima picha ipigwe kwanza. Sasa picha ipi?

Wengi wanaanza na panorama, ile unasimama, unang'ata kijiti, mashine inakuzunguka kichwa. Mataya yote mawili yanatoka kwa mkupuo mmoja, na mionzi yake ni midogo, sawa na ile tunayopata bure kwa siku chache tu za kuishi duniani. Kwa kuhesabu meno na kuona yaliyojificha, iko poa sana. Ukitaka kupima mzizi umeinama kiasi gani, hapo ndipo inapokudanganya. Mashine imeundwa kufuata taya la wastani. Taya lako likiwa na umbo tofauti, au ukiinamisha kichwa kidogo, mizizi inaonekana imelala kumbe imenyooka, na pale kwenye kona ya chonge ndiyo balaa. Watafiti wa Kanada walijaribu mashine nne kwa fuvu la mfano, wakachapisha matokeo 2002: pembe nyingi za mizizi hazikulingana na za kweli. Daktari akikunja waya kwa kuamini picha hiyo peke yake, anaweza kuharibu kilichokuwa sawa.

Kuna ujanja wa zamani ambao hauhitaji mashine ya mamilioni. Clark aliuandika mwaka 1910. Zinapigwa picha mbili ndogo za sehemu ileile, ya pili mashine ikiwa imesogezwa pembeni. Jaribu hapo hapo ulipokaa: simamisha vidole viwili, kimoja nyuma ya kingine, funga jicho moja, sogeza kichwa kulia. Cha nyuma kinaonekana kukufuata, cha mbele kinaenda kushoto. Chonge iliyokwama ni vivyo hivyo, ikifuata mashine iko upande wa kaakaa, ikienda kinyume iko upande wa mdomo wa nje. Kwa daktari wa upasuaji hiyo ni habari kubwa, maana anajua achane wapi.

Ila ujanja huo hautaonyesha vizuri kama mzizi wa jirani umeshaliwa. Wasweden Ericson na Kurol walitumia CT kwa watoto wenye chonge zilizopotea njia, na mwaka 2000 wakaripoti kuwa karibu meno 4 kati ya 10 yaliyo jirani na chonge hizo, yale ya pili kutoka katikati, yalikuwa yameliwa. Siku hizi kuna CT ndogo ya meno yenye miale ya umbo la koni, inatoa picha ya pande zote tatu. Tatizo ni bei, na mionzi yake inaweza kuzidi ya panorama mara nyingi, kutegemea mashine na ukubwa wa eneo linalopigwa. Mtoto mwenye meno yaliyopishana kidogo tu hana sababu ya kuingizwa humo, na kliniki inayompiga kila anayeingia mlangoni mimi naitilia shaka.

Kwa hiyo ukiambiwa "kapige CT", muulize daktari panorama imeshindwa kuonyesha nini, na apige kipande kile kile anachokihitaji. Mliowahi kuvaa waya, mlipigwa picha gani? Tupeni habari.