Safari za wastaafu kwa gari-nyumba nchini Marekani

Safari za wastaafu kwa gari-nyumba ni aina ya utalii wa ndani iliyoenea sana nchini Marekani. Watu waliomaliza miaka yao ya kazi, mara nyingi mume na mke, husafiri polepole kwa gari lenye kitanda, jiko na choo ndani yake. Hulala katika miji midogo, hifadhi za taifa na kambi zilizo kando ya barabara. Safari yaweza kuchukua wiki mbili, miezi ya baridi peke yake, au miaka kadhaa. Baadhi yao huuza nyumba na kuishi ndani ya gari moja kwa moja.

Gari-nyumba na vifaa vyake

Kuna makundi makuu mawili. Kundi la kwanza ni magari yenye injini yake, ambayo Wamarekani huyapanga katika madaraja ya A, B na C. Daraja A ni gari kubwa linalofanana na basi. Daraja B ni gari dogo zaidi, kwa kawaida van iliyowekewa kitanda na jiko. Daraja C hujengwa juu ya fremu ya lori dogo na mara nyingi huwa na kitanda juu ya kichwa cha dereva. Kundi la pili ni trela zinazovutwa na gari jingine. Trela kubwa zaidi hufungwa ndani ya sanduku la pikapu, juu ya ekseli ya nyuma, ili uzito wake usiyumbishe gari.

Gari-nyumba la kawaida lina matangi matatu: la maji safi, la maji yaliyotumika jikoni na bafuni, na la maji ya choo. Katika kambi yenye huduma zote, msafiri huunganisha waya wa umeme, bomba la maji na bomba la maji taka. Mahali pasipo na huduma hutegemea betri, jenereta au paneli za sola, na gesi ya mtungi kwa kupikia na kupasha joto. Matangi ya maji machafu lazima yamwagwe katika vituo maalumu, kwani ni marufuku kuyamwaga ovyo.

Katika majimbo mengi leseni ya kawaida ya udereva inatosha kwa gari-nyumba lisilozidi uzito wa pauni 26,000, yaani takriban tani 11.8. Kwa sababu hiyo mtu aliyeendesha gari dogo maisha yake yote anaweza kustaafu Ijumaa na Jumatatu akashika usukani wa gari lenye ukubwa wa basi. Hatari za mwanzo hutokana na jambo hilo: madaraja ya chini yanayogonga paa, kona nyembamba za mijini, na kurudi nyuma. Wanandoa wengi hugawana kazi hii: mmoja anaendesha, mwingine anasimama nje na kuongoza kwa ishara za mikono.

Historia

Trela za kulala zilianza kupendwa nchini Marekani katika miaka ya 1920 na 1930, magari yalipoenea. Mmoja wa watengenezaji waliojulikana zaidi ni Wally Byam, mwanzilishi wa kampuni ya Airstream, ambaye mwaka 1936 alitoa trela ya alumini iitwayo Clipper. Byam aliongoza pia misafara ya wateja wake katika nchi mbalimbali. Msafara mmoja wa trela zipatazo 40 uliondoka Cape Town mwaka 1959 na kufika Cairo mwaka 1960, ukipita Afrika Mashariki na Ethiopia.

Sheria tatu ziliweka msingi wa safari za wastaafu kama zilivyo leo. Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya mwaka 1935 iliwapa wafanyakazi wengi pensheni ya kila mwezi. Sheria ya barabara kuu ya mwaka 1956 ilianzisha ujenzi wa mtandao wa barabara pana zinazounganisha majimbo. Mwaka 1965 ikapitishwa sheria ya Medicare, bima ya afya ya serikali kwa watu wenye umri wa miaka 65 na zaidi. Kwa mara ya kwanza mfanyakazi wa kawaida aliweza kuzeeka akiwa na kipato, barabara na matibabu kwa pamoja.

Mwaka 1966 kampuni ya Winnebago, ambayo wakati huo ilikuwa na makao yake katika mji mdogo wa Forest City, Iowa, ilianza kutengeneza magari-nyumba yenye injini kwa wingi na kwa bei nafuu kuliko washindani wake. Jina hilo lilizoeleka hata Wamarekani wengi wakaliita kila gari-nyumba "Winnebago". Kitovu cha utengenezaji kiko Elkhart, Indiana. Utegemezi wa eneo hilo kwa biashara moja ulionekana wazi katika msukosuko wa uchumi wa 2008 na 2009: watu walipoacha kununua magari-nyumba, ukosefu wa ajira ulipita asilimia 15, na Rais Barack Obama alikwenda huko Februari 2009 kueleza mpango wake wa kufufua uchumi.

Safari hizi hazikuwa wazi kwa wote. Katika enzi za ubaguzi wa rangi, moteli, migahawa na vituo vingi vya mafuta vilikataa kuwahudumia Wamarekani Weusi, na kulikuwa na miji ambamo Mweusi hakutakiwa kuonekana baada ya jua kutua. Kuanzia mwaka 1936 Victor Hugo Green, mfanyakazi wa posta wa New York, alichapisha kitabu cha mwongozo kilichotaja mahali ambapo msafiri Mweusi angeweza kulala na kula bila kufukuzwa. Kitabu hicho kiliendelea hadi katikati ya miaka ya 1960. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 ilipiga marufuku ubaguzi katika hoteli na migahawa.

Mwendo wa safari

Wastaafu wazoefu hufuata kanuni inayoitwa "tatu-tatu-tatu": kutosafiri zaidi ya maili 300 (takriban kilomita 480) kwa siku, kufika kituoni kabla ya saa tisa alasiri, na kukaa kila mahali angalau siku tatu. Kanuni hiyo si sheria, bali ni njia ya kupunguza uchovu. Dereva anayefika mapema huegesha kungali mwanga, na siku ya pili na ya tatu hutumika kuujua mji: makumbusho ya wilaya, maktaba, soko la wakulima, kanisa, au mgahawa ambapo wenyeji hunywa kahawa asubuhi.

Wengi huhama kufuata majira. Miezi ya baridi hukaa kusini, hasa Florida, Texas na Arizona, na miezi ya joto hurudi kaskazini. Wamarekani huwaita "ndege wa theluji", kwa kuwa huikimbia theluji kama ndege wahamao.

Miji midogo

Barabara kuu za kisasa huzunguka miji midogo bila kuingia ndani, na miji mingi ilipoteza riziki ilipoachwa pembeni. Kwa hiyo msafiri anayekubali kupita njia ya zamani ni mteja muhimu.

Seligman, Arizona, ni mfano mmoja. Mji huo ulitegemea Route 66, barabara iliyoanzishwa mwaka 1926 kutoka Chicago hadi pwani ya California. Tarehe 22 Septemba 1978 barabara kuu mpya ilifunguliwa nje ya mji, na magari yakaacha kupita karibu mara moja. Biashara zilifungwa. Kinyozi wa mji, Angel Delgadillo, pamoja na wenzake waliunda mwaka 1987 chama cha kuihifadhi barabara hiyo katika jimbo la Arizona, na serikali ya jimbo ikaitambua kuwa barabara ya kihistoria. Watalii wakarudi, na majimbo mengine yakaanzisha vyama vya aina hiyo.

Wall, South Dakota, ni mji wenye wakazi wasiofika 1,000 karibu na Hifadhi ya Taifa ya Badlands. Mwaka 1931 Ted Hustead na mkewe Dorothy walinunua duka la dawa hapo, lakini wateja walikuwa wachache. Mwaka 1936 Dorothy alipendekeza waweke vibao barabarani kutangaza maji ya barafu ya bure kwa wasafiri waliochoka na joto. Watu walianza kusimama siku ileile. Leo duka hilo, Wall Drug, limechukua sehemu kubwa ya mtaa mkuu, na maji ya barafu bado ni ya bure.

Quartzsite, Arizona, ni mji wa jangwani wenye wakazi elfu chache, lakini kila majira ya baridi huzungukwa na magari-nyumba kwa maelfu. Ardhi ya serikali kuu iliyo karibu imetengwa kwa wakaaji wa muda mrefu kuanzia katikati ya Septemba hadi katikati ya Aprili, kwa ada ndogo. Mwezi wa Januari hufanyika maonyesho ya magari-nyumba na masoko ya vito na mawe. Katika makaburi ya mji kuna piramidi ndogo yenye sanamu ya ngamia juu yake. Ni kaburi la Hadji Ali, aliyejulikana kwa wenyeji kama Hi Jolly. Alitoka katika Dola la Osmani na kufika Marekani mwaka 1856 kuwatunza ngamia wa jeshi la Marekani, ambalo lilikuwa likijaribu kuwatumia jangwani. Alifariki mwaka 1902.

Gharama na kipato

Gharama kubwa ni gari lenyewe, mafuta, bima, matengenezo na ada za kambi. Gari la Daraja A linalotumia petroli huenda kilomita tatu au nne tu kwa lita moja. Zaidi ya hayo, gari-nyumba hupoteza thamani kila mwaka, tofauti na nyumba au kiwanja. Wanandoa wanaouza nyumba ili kununua gari-nyumba huenda wasiweze kununua nyumba tena.

Serikali hutoa nafuu kwa wazee. Raia au mkazi wa kudumu mwenye umri wa miaka 62 au zaidi anaweza kununua kadi ya kuingia hifadhi zote za taifa maisha yake yote. Bei ilikuwa dola 10 hadi mwaka 2017, ilipopandishwa kuwa dola 80. Kadi hiyo hupunguza pia ada za baadhi ya kambi za serikali kwa nusu. Ardhi nyingi za serikali kuu katika majimbo ya magharibi huruhusu kupiga kambi bure, kwa kawaida kwa siku zisizozidi 14 mahali pamoja. Hakuna maji wala umeme.

Wengine hufanya kazi njiani: kupokea wageni kambini, kusafisha vyoo, kuvuna viazi-sukari au kufunga mizigo katika maghala, na mara nyingi hupewa nafasi ya kuegesha kama sehemu ya malipo. Kwa baadhi yao hilo ni njia ya kukutana na watu. Kwa wengine ni lazima, kwa sababu pensheni haitoshi kulipa kodi ya nyumba.

Makazi ya kisheria na afya

Mtu asiye na nyumba bado anahitaji anwani kwa ajili ya leseni, kodi, bima na kura. Wasafiri wengi wa kudumu huchagua Texas, Florida au South Dakota, majimbo yasiyotoza kodi ya mapato ya jimbo na yenye kampuni zinazopokea barua na kuzituma popote msafiri alipo.

Matibabu ni suala zito zaidi. Medicare ya kawaida hukubaliwa na madaktari na hospitali nyingi nchi nzima. Lakini mipango mingi ya kampuni binafsi iliyo chini ya Medicare humfunga mgonjwa kwa hospitali za eneo fulani, isipokuwa kwa dharura. Tena miji midogo mingi iko mbali na hospitali kubwa. Msafiri mwenye ugonjwa wa moyo au kisukari hulazimika kupanga njia kufuatana na dawa na miadi yake.

Mwisho wa safari

Macho yakififia au mkono ukitetemeka, safari hufikia kikomo. Mara nyingi mmoja wa wanandoa huugua au kufariki wakiwa mbali na watoto wao, na aliyebaki huwa hajawahi kuendesha gari hilo. Ndiyo maana wasafiri wazoefu huwashauri wanandoa wote wawili wajue kuendesha, kumwaga matangi na kuunganisha umeme tangu mwanzo.

Chama cha Escapees, kilichoanzishwa mwaka 1978 na Joe na Kay Peterson, kina makao yake Livingston, Texas. Hapo kuna kituo cha wanachama wasioweza tena kusafiri kwa sababu ya uzee au maradhi. Wakazi huendelea kuishi ndani ya magari-nyumba yao yaliyoegeshwa, huku wakipata chakula, usafiri wa kwenda kwa daktari na msaada wa kila siku. Medicare kwa kawaida hailipii matunzo ya muda mrefu ya aina hiyo.

Katika vitabu na filamu

Mwandishi John Steinbeck alizunguka Marekani mwaka 1960 kwa pikapu yenye chumba cha kulala, akiwa na mbwa wake Charley, na kitabu chake kuhusu safari hiyo kilitoka mwaka 1962. Mwaka 2017 mwandishi wa habari Jessica Bruder alitoa kitabu cha Nomadland, kinachohusu wazee wanaoishi magarini na kufanya vibarua. Filamu iliyotokana nacho, iliyoongozwa na Chloé Zhao na kupigwa picha kwa sehemu huko Quartzsite, ilishinda tuzo ya Oscar ya filamu bora mwaka 2021.