Zana Moja ya Kazi Nyingi: Faida na Hasara Zake

Napenda kueleza kwa kifupi habari za zana za useremala ambazo moja hufanya kazi mbili au zaidi. Jambo hili si dogo. Hapa kwetu Kasulu na Kibondo wako vijana ambao wakimaliza masomo hushika useremala, na mzazi huuza maharage yake ili amnunulie mtoto zana za kuanzia. Mzazi mmoja aliniuliza: “Mwalimu, fedha yangu ni kidogo. Ninunue zana moja ifanyayo kazi nne, au zana nne za kazi moja moja?” Swali hili ni la haki, tena linahitaji jibu la uangalifu, kwa kuwa fedha ikishapotea dukani hairudi.

Kwanza ifahamike kwamba zana za namna hii si ngeni. Nyundo yenye kucha ni zana mbili: upande mmoja hupiga msumari na upande wa pili huung’oa. Tena katika sehemu nyingi za Afrika liko shoka la kienyeji ambalo mkia wa chuma chake hupenya kichwa cha mpini. Fundi akitaka kukata mti, makali hufuata mpini. Akitaka kuchonga, hukigeuza chuma robo ya mzunguko, na lile shoka likawa tezo.

Faida zake ni tatu. Ya kwanza ni bei, maana chombo kimoja aghalabu ni rahisi kuliko vinne. Ya pili ni uzito. Fundi wa kijijini hufunga zana zake nyuma ya baiskeli, akapanda na kushuka vilima mpaka kwenye nyumba inayojengwa. Kila kilo anaihisi miguuni. Ya tatu ni kuokoa wakati, pale ambapo kugeuza chombo ni rahisi.

Mfano mzuri ni guni yenye rula inayoteleza, ambayo Laroy Starrett wa Marekani aliibuni katika miaka ya 1870. Kwa guni hiyo moja seremala hupima pembe ya digrii 90 na ya digrii 45, hupima kina cha tundu, na hupiga mstari sambamba na ukingo wa mbao. Mfano wa pili ni jiwe la kunolea lenye nyuso mbili, mmoja wa kukwaruza na mmoja laini. Katika zana hizi kazi moja haiiharibu nyingine.

Sasa natazama hasara. Madukani huuzwa chombo chenye nyundo, shoka dogo, koleo na bisibisi pamoja. Kwa macho chapendeza, lakini tufikiri juu ya chuma chake. Makali ya patasi au ya shoka hutaka chuma kigumu ili yasiwe butu upesi. Lakini chuma kigumu mno hukatika kikipigwa kwa nguvu, ndiyo maana mhunzi akishakizamisha chuma cha moto katika maji hukipasha tena kidogo, ili kipunguze ukali wake. Kila zana ina kipimo chake cha ugumu. Kipande kimoja kikifanywa vivi hivi kwa kazi zote, hakuna kazi kitakayoitenda vizuri. Zaidi ya hayo, mkono ukishika koleo, makali ya shoka yako karibu na vidole. Wazee walisema, mshika mbili moja humponyoka.

Hasara nyingine ni vipande vidogo. Kampuni ya Stanley ya Marekani iliuza randa namba 45 tangu miaka ya 1880 hadi miaka ya 1960. Randa hiyo, kwa kubadilisha visu, ilichimba mifuo, ilipunguza kingo na kutia nakshi; ilichukua nafasi ya randa nyingi za mti. Lakini kuitengeneza kwa kila kazi kulichukua muda, na mbele ya kisu hapakuwa na uso wa kuzikandamiza nyuzi za mbao. Katika mbao laini ilikwenda vyema. Katika mbao ambayo nyuzi zake zimepishana, kama mninga wakati mwingine ulivyo, nyuzi zaweza kung’oka badala ya kukatwa. Nayo skrubu yake moja ikipotea matopeni wakati wa masika, duka la Kibondo halitakuwa nayo, na kazi yote itasimama.

Iko pia misumeno yenye meno pande mbili, kama ule wa Kijapani uitwao ryoba: upande mmoja hupasua mbao kwa urefu na wa pili huikata kwa upana. Ni chombo chema, ila misumeno mingi ya siku hizi meno yake yamekazwa ugumu hata tupa haiyali. Yakiwa butu, msumeno umekwisha.

Basi, kabla ya kununua, uliza maswali matatu. Je, kazi zake zinapatana au zinagombana? Je, kuigeuza huchukua muda mrefu? Je, sehemu moja ikivunjika, nyingine zitaendelea kufanya kazi?

Kwa maswali hayo, jibu langu kwa mzazi ni hili. Nunua nyundo yenye kucha, guni ya kuteleza na jiwe la nyuso mbili. Hizo zitamfaa mtoto, wa kiume au wa kike. Lakini msumeno, randa na patasi ziwe za kazi moja moja, na msumeno uwe wenye meno yanayokubali tupa. Kama fedha haitoshi, anza na chache zilizo imara, na nyingine atazinunua mwenyewe kwa ujira wa meza yake ya kwanza. Chombo hakiendi ila kwa nyenzo.